Jembe, makopo, kipimo cha mkononi au maabara: upimeje udongo wa shimo la kokoto kabla ya kupanda?

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kitaluni kwangu, kando ya Barabara ya Bagamoyo, ameshika bahasha ya kaki kama mtu anayetoka hospitali. Familia yake imebaki na shimo la kokoto Kunduchi, karibu nusu eka. Marehemu mumewe alilikodisha kwa wachimbaji mpaka mawe yakaisha. Sasa limefukiwa, greda limepita, na yeye anataka miembe sitini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisomee hapo. Nimeambiwa udongo wangu mzuri."

Nikasoma. Kwenye karatasi ulikuwa mzuri kweli: fosforasi ya kuridhisha, potasiamu nyingi, pH (kipimo cha tindikali na chokaa) 7.9 ambayo kwa ukanda ule wa mawe ya matumbawe haishangazi. Nikamuuliza sampuli alichukua nani. Kijana wa greda. Alichimba kwenda chini kiasi gani? Mama akanionyesha kiganja chake, kutoka kifundo hadi ncha ya kidole cha kati.

Nikarudisha karatasi kwenye bahasha na kumwambia miembe siuzi bado. Alidhani nina kichaa, maana ni nani anayemfukuza mteja wa miche sitini? Lakini miaka michache nyuma niliwahi kumuuzia mtu wa Boko miti ya matunda kwa kuamini karatasi ya namna hiyo hiyo, na kufikia Septemba ilikuwa imebaki vijiti. Tulipokuja kuchimba tukakuta udongo wa sentimita 18, na chini yake tabaka lililoshindiliwa na malori ya mawe miaka nenda miaka rudi, gumu kama sakafu. Maabara haikukosea chochote. Niliyekosea ni mimi, niliyeiuliza swali lisilo lake.

Ndiyo maana naandika ulinganisho huu. Watu wenye mashimo ya kokoto na mchanga hapa Dar wana njia nne za kuujua udongo wao: kuchimba na kupima wenyewe, kupanda mbegu kwenye makopo, kununua vipimo vya mkononi, au kupeleka maabara. Wengi huanza na ya mwisho kwa kuwa ina mhuri, au na ya tatu kwa kuwa inauzwa Kariakoo na ina rangi nzuri. Mimi ningeanza na jembe, na sababu yangu siyo ubahili.

Kwanza, maabara hufanya nini na sampuli yako

Sampuli ikifika maabara hukaushwa, hupondwapondwa na kuchekechwa kwenye tundu la milimita 2. Kilichopita ndicho kinachopimwa. Kilichobaki juu ya chekecheke, yaani kokoto na vipande vya mawe, kwa kawaida hutupwa.

Kwenye shamba la Kilosa hilo halina neno, mawe ni machache. Kwenye shimo la kokoto ndiyo habari yote. Chukua udongo wa kina cha sentimita 30 ambao nusu ya ujazo wake ni mawe. Majibu yatakuja ya ile nusu nyingine peke yake, safi kabisa, lakini mti wako unaishi kwenye mchanganyiko mzima. Kichanga chenye tifutifu kidogo kinashika takriban milimita 12 za maji yanayofaa kwa mmea kwa kila sentimita 10 za kina. Kwa sentimita 30 ni kama milimita 36. Ukiondoa nusu iliyojaa mawe, unabaki na 18. Jua la Dar wakati wa kiangazi linanyonya milimita 4 hadi 5 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: mti unaishiwa maji siku ya nne, jirani yake asiye na mawe anafika wiki. Hakuna mbolea inayoziba pengo hilo, na kwenye karatasi ya majibu halionekani popote.

Kuchimba na kupima mwenyewe

Hapa ndipo ningeweka muda mwingi, na pia ndipo watu wanapofanya haraka zaidi.

Anza kwa kuuliza eneo limepitia nini. Kama kuna mzee aliyewahi kugonga kokoto pale, mkalishe chini na soda. Atakwambia mashine ya kusagia mawe ilisimama wapi, malori yalipita wapi, udongo wa juu ulisukumiwa kona gani, na kifusi kilichofukia shimo kilitoka wapi. Kifusi cha Dar ni mchanganyiko wa ajabu: plasta, matofali, vigae, misumari, mifuko, wakati mwingine taka za nyumbani. Saruji iliyomo humo hupandisha pH hata mahali ambapo udongo wa asili una tindikali. Kwa hiyo usichukulie nusu eka kama kitu kimoja. Mama wa Kunduchi ana maeneo manne tofauti ndani ya uzio mmoja.

Kwenye kila eneo chimba shimo la kina cha mita moja ukiweza, na upande mmoja uwe umekatwa wima ili usome matabaka. Tafuta mambo mawili tu kwa kuanzia: udongo laini unaishia wapi, na mizizi ya magugu yaliyojiotea inafika wapi. Mizizi ikishuka halafu ikakunja na kutambaa pembeni kama waya, umefika kwenye sakafu. Pima kina hicho kwa futi kamba na ukiandike.

Kisha nondo. Chukua nondo ya milimita 12, yenye ncha iliyonolewa kidogo, usubiri siku mbili baada ya mvua ya kutosha, uisukume kwa uzito wa mwili wako bila nyundo. Udongo mkavu unadanganya, kila kitu kinaonekana kigumu. Ukikwama kwa mlio wa kengele umegonga jiwe, sogea kidogo ujaribu tena. Ukikwama kimyakimya, na ukasogea hatua tatu ukakwama kina kilekile, hilo ni tabaka lililoshindiliwa. Masika, kati ya Machi na Mei, ndiyo wakati mzuri wa kazi hii. Vuli nayo inafaa kama imenyesha ya kueleweka.

Mawe unayapima hivi. Jaza udongo uliochimbwa kwenye ndoo mpaka alama ya lita 10, uushindilie kwa ngumi. Umwage kidogokidogo kwenye wavu wa mbu wa dirishani, uuoshe mpaka yabaki mawe matupu. Matundu ya wavu huo ni madogo kuliko ya maabara, utabakiwa na mchanga mnene kidogo, si tatizo. Rudisha ndoo, weka maji lita 10, kisha tumbukiza mawe yote. Maji yakipanda hadi 15, nusu ya udongo wako ni mawe. Yakipanda hadi 12, una bahati. Watoto wa jirani watakusaidia bila hata kuombwa, ni mchezo wao.

Ipo na njia ya chupa ya lita moja na nusu, ya kuona mchanga na mfinyanzi: udongo theluthi moja, maji mpaka karibu na shingo, tikisa, iache. Mchanga unatua ndani ya dakika moja, chembe za kati zinachukua saa kadhaa, mfinyanzi unaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Angalizo moja la machimbo: unga wa mawe unaotoka kwenye mashine ya kusaga unatua polepole na utadhani una mfinyanzi. Ushike ukiwa umelowa. Mfinyanzi unanata na unaweza kuuviringisha kama tambi. Unga wa mawe unateleza tu na kukatika. Huo ndio unaofunga uso wa ardhi kama plasta baada ya mvua ya kwanza, na mbegu zinanyongeka chini yake.

Mwisho, maji yanaingiaje. Chimba kishimo cha futi moja, kijaze maji jioni yanywewe yote, asubuhi jaza tena na upime yanashuka kiasi gani kwa saa. Chini ya sentimita 2 na nusu kwa saa, mizizi itakaa majini na utafuga mbu. Yakitoweka ukiwa bado unatafuta saa, umepanda juu ya kokoto tupu na utamwagilia mpaka uchoke. Siki nayo iwepo mfukoni: tone kwenye bonge la udongo, ukiona povu hapo kuna chokaa. Kunduchi na Boko povu ni la sabuni. Kwenye vilima vya Pugu, ambako ardhi ni ya mawe ya mchanga na ule udongo mweupe wa kaolini, mara nyingi hutaona kitu.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba haikwambii chochote kuhusu virutubisho. Inataka mgongo na vibarua wa siku moja au mbili. Lakini maswali inayoyajibu ndiyo yanayoua miti kwenye machimbo.

Makopo

Njia hii napenda kuliko ninavyoiamini. Unachukua udongo wa kila eneo, unajaza makopo matatu matatu yaliyotobolewa chini, na matatu mengine ya udongo mzuri wa bustani ya kulinganishia. Panda mchicha kwenye baadhi na maharage kwenye mengine. Maji sawa, kivuli sawa. Mchicha unachomoza ndani ya siku chache, maharage yatasema kitu kufikia wiki ya tatu au ya nne.

Inachokiona vizuri ni sumu na chumvi. Pale mashine iliposimama mara nyingi dizeli na oili chafu vilimwagika kwa miaka, na kipimo cha kawaida cha rutuba maabara hakitafuti oili. Mchicha unaitafuta. Mbegu zikigoma kuota kwenye kopo hilo tu huku mengine yakiota, usipande chakula hapo mpaka ujue zaidi. Majani machanga yakiwa ya njano na mishipa ikabaki kijani kwenye udongo wa chokaa, shuku upungufu wa chuma: madini yenyewe yapo ardhini, lakini pH ya juu inayafungia.

Tatizo ni kwamba ukishaujaza udongo kwenye kopo umeshaulegeza. Ile sakafu ya sentimita 18 haimo. Mawe makubwa umeyatupa kwa mkono bila kujua. Kwa hiyo kopo linadanganya kwa namna ileile ya maabara, ila kwa upole zaidi.

Kuna mtu aliyefanya jaribio la makopo bila makopo. Bamburi, Mombasa, mwaka 1971, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti moja kwa moja kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, kwenye mwamba wa matumbawe ambao ni ndugu wa huu wetu wa Kunduchi na Boko. Alijaribu aina 26, zikasimama tatu, na iliyofanya kazi kubwa ni mvinje, ambao mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni hewani. Majani yake yalipolundikana bila kuoza, akaleta majongoo wayatafune, na mboji ikaanza kujengeka. Ukiwa na eka kadhaa na miaka ya kusubiri, hicho ndicho kipimo cha kweli kuliko vyote. Mama mwenye nusu eka na wajukuu hana huo muda.

Vipimo vya mkononi

Vile vya misumari miwili unavyochomeka ardhini na mshale ukacheza, viache dukani. Kwenye kokoto ncha hazigusi udongo vizuri, na udongo ukiwa mkavu mshale unakwambia lolote. Nilikuwa nacho kimoja, kilipinda kwenye jiwe siku ya pili.

Karatasi za kupimia pH na kalamu ya kupima chumvi ni habari nyingine. Changanya sehemu moja ya udongo na sehemu mbili na nusu ya maji yasiyo na chumvi, koroga, subiri nusu saa, chovya. Maji hayo siyo ya bomba wala ya kisima, ambayo Dar mara nyingi yana chumvi yake. Nunua maji ya betri gereji, na uangalie chupa mara mbili, kwa sababu kwenye rafu hiyohiyo huwekwa na asidi ya betri. Faida yake ni wingi: kwa gharama ya sampuli moja ya maabara unaweza kupima sehemu thelathini za eneo lako na kujua mipaka ya kifusi chenye saruji iko wapi. Usiitumie kuamua kiasi cha mbolea.

Maabara, ukishajua unachouliza

Kwa Dar watu wengi hutumia ama TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa udongo kilichoko Muheza mkoani Tanga, ama maabara ya udongo ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Tangu treni ya SGR ianze safari za Morogoro mwaka 2024, kupeleka mkoba wa sampuli na kurudi siku hiyohiyo si safari ya kuaga familia. Piga simu kwanza uulize bei, kwa kuwa inategemea vipimo unavyotaka.

Na usiseme tu "nipimieni udongo". Waambie ni eneo lililochimbwa kokoto na lina chokaa, kisha waombe fosforasi ipimwe kwa njia ya Olsen. Njia nyingine, ya Bray, hutumia kimiminika chenye asidi, nacho chokaa hukizima, hivyo namba inayotoka inaweza kuwa ndogo kuliko hali halisi. Kama shimo lako liko upande wa Pugu na udongo una tindikali, Bray inafaa. Omba kaboni ya ogani, chumvi, zinki na chuma. Naitrojeni mimi huwa siilipii: kwenye shimo lililofukiwa upya iko chini, najua kabla ya kupima. Na waombe kabla ya kutupa mawe wayapime uzito wakuandikie asilimia. Ni ombi dogo, lakini ndilo linaloigeuza karatasi ya shamba kuwa karatasi ya machimbo.

Sampuli ichukuliwe kwa kila eneo peke yake, sehemu 15 hadi 20 kwa mwendo wa nyoka, kina cha sentimita 0 hadi 20 mfuko mmoja na 20 hadi 50 mfuko mwingine. Changanya kwenye ndoo safi, gawa mafungu manne, tupa mawili, rudia mpaka ibaki kama kilo moja. Kiroba kilichowahi kubeba mbolea usikisogeze karibu.

Kuna wakati maabara haikwepeki. Ukitaka kuuza mboga, ukitaka kujua kama kifusi kimeleta madini mazito kama risasi, au kama bado una leseni ya uchimbaji na unatakiwa kuonyesha hali ya eneo unapolifunga. Mambo ya tathmini ya mazingira yako chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na chombo cha taifa cha mazingira (NEMC) ndicho msimamizi, na huko picha za shimo lako na ndoo ya mawe hazitoshi bila karatasi yenye mhuri.

Basi uchague nini

Mwenye kiwanja kidogo anayetaka miti ya kivuli na uzio, jembe na nondo vinatosha kabisa. Panda mivinje na mwarobaini pale penye kina kidogo na chokaa, hela ya maabara nunulia samadi ya kuku. Anayetaka bustani ya mboga aongeze makopo kisha maabara. Anayetaka miti ya matunda, kama yule mama, achimbe kwanza na apeleke maabara udongo wa sehemu zilizofaulu tu. Mchimbaji mwenye leseni na eka nyingi anahitaji vyote vinne, na ningemwongezea la tano: kama bado hujamaliza kuchimba, udongo wa juu uutenge leo, lundo lisizidi mita mbili kwenda juu, uoteshe majani, na lori lolote lisipande juu yake. Sampuli nzuri kuliko zote nilizowahi kuona kwenye machimbo zilitoka kwenye lundo la namna hiyo.

Yule mama alirudi wiki mbili baadaye na mpwa wake na mtarimbo, tukaenda wote. Mashimo matatu yalikwama kati ya sentimita 20 na 25, kwenye ile ile sakafu ya malori. La nne, kona ya mashariki karibu na ukuta wa jirani, lilishuka hadi sentimita 90 bila ubishi. Ndiko walikosukumia udongo wa juu zamani, hakuna aliyekumbuka mpaka tulipouona mweusi.

"Hapa miembe mingapi?" akauliza.

"Sita, mama. Saba ukibanana."

Alinyamaza kidogo, akahesabu hatua mwenyewe, akakubali sita. Sampuli ya kona hiyo ameipeleka Morogoro, nasubiri majibu kabla sijatoa miche. Bahasha ya kaki iko kwenye droo yangu. Ramani ya mashimo manne tuliichora nyuma yake.